Neno la Kung'olea Jino

Ipo nchi isiyo karibu wala mbali. Ukiulizia njia ya kwenda huko utaambiwa umeshafika, karibu sana, na ufunge mdomo. Nchi hiyo ilikuwa na mvua zake, mihogo yake na punda wake, na ilikuwa na mtawala wake aliyeitwa Mtukufu Mkaaji. Jina hilo alilipata kwa sababu siku aliyokabidhiwa nchi aliketi, na tangu alipoketi hakusimama tena. Kiti chake kilikuwa cha mvule, kimewekwa kwenye baraza pana la Ikulu, na miguu ya kiti imekazwa sakafuni kwa nati kubwakubwa, ili hata upepo usije ukathubutu.

Wananchi walimpenda sana Mtukufu. Amri ilikuwa imetoka.

Sasa, mtawala akiwa amekaa, lazima awepo wa kusema. Msemaji huyo alikuwa Mheshimiwa Shomari Tamimu, Waziri wa Maneno, na habari hii ni yake yeye na jino lake. Kazi yake ilikuwa kupanga maneno: hili litumike, hili lipumzike, hili lifungwe maisha. Ukisikia kwamba katika nchi ile njaa iliitwa "nafasi tumboni", na shimo la barabarani liliitwa "bwawa la wananchi", ujue hiyo ni kazi ya Mheshimiwa. Alikuwa mnene kiasi, mtanashati, mwenye sauti ya kushuka taratibu kama uji mzito. Mtu mbaya hakuwa. Alipenda sifa na alipenda halua, basi. Wapo waliopenda mabaya kuliko hayo.

Neno lililomponza ni kung'oa.

Ilikuwa hivi. Wanawake wawili walikuwa wakipalilia bustani ya Ikulu, chini kidogo ya baraza. Mmoja akasimama, akashika kiuno, akalitazama gugu moja lililokuwa mbele yake.

"Shoga, hebu liangalie hili," akasema. "Limekaa, limekaa, limenenepa, halizai kitu, na linawanyonya wenzake."

"Sasa unalionea haya? Ling'oe!" mwenzake akajibu.

Mtukufu hakuliona gugu. Alisikia sauti tu. Jasho likamtoka mpaka kwenye soksi, na tonge la halua alilokuwa akitafuna likamkwama njiani.

"Shomari!"

"Labeka, Mtukufu."

"Wanataka kuning'oa."

"Nani hao, Mtukufu?"

"Nitajuaje? Neno lenyewe liko nje, linatembea. Likamate!"

Jioni ile ile Mheshimiwa akaingia redioni, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akatangaza: "Ndugu wananchi. Kuanzia sasa neno kung'oa, pamoja na watoto wake wote, yaani kung'oka, kung'olewa na kung'oana, na jamaa zake wengine watakaojitokeza baadaye, limepumzishwa kwa manufaa ya umma. Katika nchi yetu hakuna kitu kinachotoka mahali pake. Kila kitu kimekaa. Atakayelitamka neno hilo naye atakwenda kukaa, ila mahali pengine. Ahsanteni, na usingizi mwema."

Wananchi wa kule walikuwa wepesi wa kuzoea, wamezoea mangapi. Muhogo ukawa hauvutwi tena kwa jina lake; uliombwa upande juu. Magugu yalishauriwa yahame. Timu ya mpira iliyotolewa kwenye mashindano ilisemwa imewapisha wageni. Meli zilikaa bandarini zikisubiri nahodha apate neno jingine la kumwambia baharia kuhusu nanga, na ndizi zilizokuwamo zikaiva, zikaoza, zikawa pombe, na mabaharia hawakulalamika. Mtoto akidondosha jino la utoto, mama yake alimwambia jirani, "Jino la mwanangu limekwenda masomoni." Na kinyozi mmoja aliyesahau, akamwambia mteja kwamba nywele zake zinang'oka utosini, alichukuliwa mkasi ungali mkononi. Mteja alibaki kitini amenyolewa upande mmoja, hajui amlalamikie nani.

Mheshimiwa alipongezwa. Akaletewa sinia zima la halua.

Na hapo kwenye halua ndipo pa kutega sikio. Katika nchi ile kila kikao kilifunguliwa kwa halua, kwa vile Mtukufu aliamini kwamba kinywa kitamu hutoa maneno matamu. Kikao cha asubuhi, halua. Kikao cha kujadili kikao cha asubuhi, halua. Mheshimiwa Shomari, akiwa ndiye kinywa cha serikali, alilishwa kuliko wote. Juu ya hayo alikuwa na desturi yake mwenyewe, ambayo aliiona ya kitaalamu sana: kabla ya kulala hakupiga mswaki. Mkewe, Mama Nasra, alimtengea mswaki na kopo la maji kila baada ya chakula cha jioni, na kila asubuhi aliukuta mswaki mkavu kama kuni.

"Baba Nasra, huu mswaki nimeununua upambe dirisha?"

"Mke wangu, kesho nina hotuba. Nikisugua nitaifuta."

"Hotuba inakaa kwenye meno?"

"Utamu wake ndio unakaa kwenye meno."

"Haya, uache ukae. Utakutafuta."

Ukamtafuta kweli. Ilianza kama utani. Siku moja alikunywa maji ya mtungini, maji yakapita kwenye gego la chini upande wa kushoto, akasikia kama mtu amempigia kengele ndani ya sikio. Akanyamaza. Safari nyingine ilikuwa chai ya moto. Akanyamaza tena, akahamishia kutafuna upande wa kulia, akaona amelimaliza tatizo kiserikali. Kumbe jino linamtazama tu. Baadaye likaanza kugonga lenyewe bila kuitwa, tuk, tuk, tuk, kama fundi wa jirani asiye na adabu. Akiinama linagonga. Akilalia upande ule linagonga, akigeuka linamfuata. Shavu likainuka, jicho la kushoto likabaki kijistari. Mheshimiwa akaanza kuwachukia watu wasio na hatia, hasa waliokuwa wakitafuna njugu.

"Fungua nione," Mama Nasra akamwambia.

"Sifungui ovyo. Hiki ni kinywa cha serikali."

"Basi fungua kinywa cha serikali nione mmeficha nini humo."

Akafungua. Mama Nasra akachungulia, akarudi nyuma.

"Yalaa! Baba Nasra, humu mna shimo kama la barabarani!"

"Bwawa la wananchi," Mheshimiwa akamsahihisha kwa mazoea, kisha akalia.

Mama Nasra hakuwa mtu wa kumcheka mgonjwa zaidi ya dakika chache. Akamchanganyia maji ya vuguvugu na chumvi, akamwambia asukutue, ateme, asukutue tena. Akaponda karafuu, akaiviringisha kwenye kipamba, akamwekea palepale penye shimo, na kitambaa cha maji baridi kwa nje ya shavu. Maumivu yakashuka pole pole, yakatulia kama mtoto aliyeahidiwa zawadi.

"Limepona!" Mheshimiwa akasema kwa furaha, harufu ya karafuu ikimtoka puani.

"Limelala," Mama Nasra akasema. "Kulala na kupona ni maneno mawili, nawe ndiye waziri wa maneno. Karafuu inatuliza, haitibu. Nenda kwa daktari kabla halijaamka."

Lakini kesho yake Mheshimiwa akaenda ofisini, na jino likaamkia huko huko.

Sasa, kulikuwa na utaratibu. Mheshimiwa mwenyewe, enzi za nyuma, alikuwa ametangaza kwamba meno ya wananchi hayaozi. Jino likiuma limeingiliwa na mdudu, na mdudu huyo hatoki hapa. Amevuka mpaka kutoka nchi jirani kwa wivu. Kwa hiyo katibu wake, Bwana Kitwana, mtu mwembamba ambaye alikuwa akikubali kabla hajaulizwa, hakuita daktari. Alimwita afisa wa uhamiaji.

Afisa akaja na tochi na muhuri. Akapiga saluti, akamwomba Mheshimiwa afungue mdomo, akamulika ndani.

"Wewe uliyemo humo!" akafoka. "Una pasi?"

Akaisogeza tochi karibu zaidi.

"Nakuuliza kwa mara nyingine! Umepitia mpaka gani?"

"Aaaah," akasema Mheshimiwa, kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi na mate yanamjaa.

Afisa akageuka. "Bwana Kitwana, anasema 'aaaah'. Hiyo ni lugha ya wapi?"

"Ya ng'ambo," Kitwana akajibu. "Hata mimi nilikuwa naihisi."

"Basi si raia." Afisa akaupulizia muhuri pumzi, akatafuta mahali pa kuupiga, asipate karatasi, akaupiga kwa nguvu kwenye shavu lililovimba: AONDOKE.

Sauti aliyoitoa Mheshimiwa iliwafanya punda wa nje wakate kamba.

"Mmesikia?" afisa akasema akiizima tochi, amefurahi. "Ndiyo anatoka huyo."

* * *

Mheshimiwa alifika hospitali kwa mlango wa jikoni, amejifunga kichwa kwa mtandio wa mkewe, muhuri unachungulia. Alipokewa na Daktari Tunu, mganga wa meno, mwanamke mrefu mwenye mzaha, aliyenyang'anywa neno la kazi yake na bado hajasahau ni nani alimnyang'anya.

"Karibu, Mheshimiwa. Naona shavu lako limeshashughulikiwa na serikali."

"Ni mdudu, Daktari."

"Mdudu hayupo. Hajawahi kuwepo. Kaa hapa." Akachungulia kwa kioo chake kidogo, akagonga gego kidogo tu, Mheshimiwa akapanda juu na kiti. "Hii ni halua, mzee wangu. Unakula, unalala nayo. Utamu ukikaa kwenye jino unageuka ukali, na ule ukali unachimba. Unachimba siku hadi siku, wala hauumi, nawe unaona mambo safi, unacheka. Ukifika kwenye mshipa ndipo unashtuka, kumbe nyumba ilikuwa inabomolewa muda wote na wewe umo ndani. Ungekuja mapema ningeliziba. Sasa limeoza mpaka mizizini, na chini yake kuna usaha."

"Basi fanya."

"Nifanye nini?"

"Hicho kinachofanywaga."

"Kinaitwaje?"

Mheshimiwa akatazama dari. Akatazama mlango. "Daktari, unajua kinaitwaje."

"Nilikuwa najua. Kikapumzishwa, kwa manufaa ya umma. Nilikusikia redioni, ulisoma vizuri sana." Daktari Tunu akavuta kigoda akakaa. "Sikiliza, Mheshimiwa. Mwenzangu wa chumba cha pili alijaribu kwa ishara. Mgonjwa alionyesha kidole, naye akafuata kidole, hakuna aliyesema neno. Wakamshitaki kwa kutenda tendo lisilokuwepo. Yuko huko anakokaa. Tangu hapo mimi nina sharti moja: anayetaka huduma ile aitamke mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Kitu kisicho na jina sikifanyi."

"Nifanyie basi kilichoruhusiwa!"

"Kilichoruhusiwa ni kulishauri jino litoke."

"Lishauri! Lishauri haraka!"

Daktari Tunu akanawa mikono, akavaa glavu, akasimama wima mbele ya kinywa kilicho wazi.

"Ndugu Gego," akaanza, "salaam. Serikali inatambua mchango wako mkubwa katika sekta ya utafunaji. Umetumikia kinywa hiki tangu enzi za biskuti mpaka zama hizi za halua. Hata hivyo, kila utumishi una mapumziko yake. Kwa heshima na taadhima tunakuomba, kwa hiari yako mwenyewe, uachie nafasi."

Wakasubiri. Nzi akapita.

"Limesemaje?" Mheshimiwa akanong'ona.

"Limekaa."

"Liambie tena! Liambie litapewa cheo kingine!"

"Nimeliambia, Mheshimiwa. Tatizo ni kwamba limeiga wakubwa." Kisha Daktari Tunu akaacha mzaha, akamshika bega. "Nisikie vizuri. Nakupa vidonge vya maumivu na dawa ya usaha, vitakusogeza siku moja mbili. Lakini jino likibaki, uvimbe utashuka kooni, na ukishuka huko unaziba pumzi. Watu wanakufa kwa jino. Kesho ni Sikukuu ya Kukaa. Nitakuwa uwanjani kwenye hema la huduma ya kwanza, na mkoba wangu na sindano ya ganzi. Ukilipata neno, niite. Nitakimbia."

Mheshimiwa akatoka pale. Akitamka neno, atakwenda kukaa alikowapeleka wengine. Asipolitamka, koo litafungwa. Alijaribu njia moja tu iliyobaki: akaenda barazani kwa Mtukufu.

"Mtukufu, nilikuwa naomba lile neno lifunguliwe. Kwa nusu saa tu."

"Neno gani?"

"Lile, Mtukufu."

"Lile lipi?"

"Siwezi kulitaja."

"Kama halitajiki, halipo. Na kama halipo, unaomba nini?" Mtukufu akamkagua usoni, akafurahi. "Umenawiri, Shomari! Umeanza upande mmoja, lakini usiwe na haraka, wa pili utafuata. Chukua halua. Na kesho nataka vicheko. Atakayenuna kwenye sikukuu yangu atanunia mbali."

* * *

Sikukuu ya Kukaa iliadhimishwa kwa kusimama. Wananchi walijazwa uwanjani mbele ya baraza la Ikulu tangu jua halijatoka, wote wima, maana kuketi siku hiyo ni kumwiga Mtukufu, na kumwiga ni kutamani kiti chake. Jeshi lilijipanga mbele, likiongozwa na Jenerali Mbaruku, mwanajeshi hodari aliyetii kila kilichotoka kwenye kipaza sauti. Siku moja fundi mitambo alisema "moja, mbili, mbili, moja" kujaribu sauti, na kikosi kizima kikatembea mbele na nyuma mpaka chakula cha mchana.

Na palikuwa na mila moja ambayo Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeianzisha: Waziri wa Maneno akitamka, umati unarudia. Kuuliza hakuna. Kuchelewa hakuna. Kurudia tu.

Mtukufu akafungua sherehe kwa mkono wake. Akakata pande la halua, kubwa, la njano, linalong'aa mafuta, akamlisha Mheshimiwa mbele ya watu wote. Mheshimiwa akalipokea upande wa kulia, akajaribu kulizuia huko huko, akasogea kwenye kipaza sauti huku anacheka kwa nusu ya uso iliyobaki.

"Ndugu wananchi! Mtukufu!"

"MTUKUFU!"

"Amekaa!"

"AMEKAA!"

"Na ataende..."

Hapo kipande cha halua, kidogo, kama punje ya mtama, kikateleza. Kikavuka ulimi. Kikateremka kushoto, kikaliona lile shimo, kikajitumbukiza.

Mheshimiwa aliona rangi ambazo hazina majina hata wizarani kwake. Machozi yakamtoka yenyewe. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayezama. Mbele kabisa, kwenye safu ya wake za mawaziri, Mama Nasra akasahau itifaki, akatupa pochi chini, akapiga kelele:

"Baba Nasra, sema! Sema upone! Nakutaka hai hata kama ni huko wanakokaa!"

Koo likambana. Pumzi ikawa nyembamba kama uzi. Na lile neno alilolifungia kila mlango likawa limesimama nyuma ya meno yake, linasukuma.

"NG'OA!" akapiga ukelele.

Bendera ikaacha kupepea. Bwana Kitwana, aliyekuwa ameshaanza kukubali, akabaki mdomo wazi.

Sasa fikiria hali ya wananchi. Neno lilikuwa haramu. Lakini aliyelitamka ni Waziri wa Maneno, kwenye kipaza sauti cha serikali, siku ya serikali, na mila ni kurudia. Wakatazamana. Bibi mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa na shamba la mihogo na hamu ya siku nyingi, akaamua kutii sheria.

"Ng'oa," akasema kwa aibu kidogo.

"Ng'oa," akasema wa pembeni yake.

"NG'OA!" ukaitika uwanja mzima, na sauti yao ilikuwa na utamu usiotoka kwenye sinia. Watu wakacheka. Wakalirudia tena wenyewe, bila kuombwa, wakalitafuna, wakalirusha juu. Wengine wakawaita na watoto wake: ng'oka! ng'olewa! ng'oana! Mzee mmoja alilia akisema anang'oa magugu, hana shamba wala nini, anataka tu kusema.

Mheshimiwa hakusikia hayo. Alikuwa na jino lake, na baada ya kusema neno moja hakuona sababu ya kubakiza mengine.

"Limekaa mno!" akalia kwenye kipaza sauti.

"LIMEKAA MNO!"

"Limeoza mpaka mizizini!"

"LIMEOZA MPAKA MIZIZINI!"

"Halitafuni! Kazi yake kuumiza wenzake!"

"KUUMIZA WENZAKE!"

"Tumelishauri! Tumelibembeleza! Halisikii!"

"HALISIKII!"

Juu ya baraza Mtukufu akamwinamia Kitwana. "Wanasema nini? Siwasikii vizuri kwa shangwe."

"Wanarudia, Mtukufu."

"Vizuri. Nipe halua."

"Ling'oeni sasa hivi, jamani!" Mheshimiwa akamalizia kwa kwikwi. "Msiniache nife!"

Jenerali Mbaruku akakakamaa. Amri ilikuwa imetoka mahali pa kutokea amri. Kung'oa, sawa. Kilichokaa mno, sawa. Ila kipi? Akatazama kulia, watu wamesimama. Akatazama kushoto, watu wamesimama. Punda wamesimama. Akageuka nyuma polepole. Katika uwanja mzima, aliyekaa alikuwa mmoja tu.

"Jeshi!" akafoka. "Spana!"

Askari wale hawakuwa na ubaya wowote moyoni. Walipiga saluti kwanza. Wakalegeza nati kwa uangalifu, wakazipanga vizuri pembeni, kisha wakahesabu mpaka tatu wakakinyanyua kiti cha mvule na Mtukufu wake juu. Mtukufu akadhani ni shamrashamra mpya. Akapunga mkono. Umati ukampungia. Wakashuka naye ngazi, wakapita katikati ya uwanja, wakatoka lango kuu, na kwa kuwa amri ya kushusha haikutolewa, wakaendelea kutembea.

Walitembea hadi mpakani. Afisa wa upande wa pili akatoka kibandani.

"Huyu nani?"

"Mkaaji."

"Mkaaji wa wapi?"

Askari wakakionyesha kiti.

"Kazi yake?"

"Kukaa."

"Hana kazi nyingine?"

"Hatujawahi kuiona."

"Basi mwekeni pale kivulini," afisa akasema, "awapishe wenye mizigo." Hiyo ndiyo ikawa amri ya kushusha, nao wakashusha.

Huku nyuma uwanjani, Daktari Tunu alikuwa ameshakimbia kama alivyoahidi, mkoba unampiga mgongoni. Akamkalisha Mheshimiwa juu ya kreti la soda.

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema."

"Kwa sauti?"

Mheshimiwa akamtazama kwa jicho moja.

"Na mashahidi?"

Mheshimiwa akainua kidevu kuelekea uwanjani, ambako nchi nzima ilikuwa bado inarukaruka.

"Wanatosha," Daktari Tunu akasema, akachoma sindano ya ganzi.

Mdomo ukafa kidogo kidogo, ukawa kama wa mtu mwingine. Mama Nasra akamshika kichwa. Daktari akaingiza koleo, akalitikisa jino huku na huku bila pupa, likalia kru, likang'oka. Akaliinua juu: jeusi upande mmoja, mizizi imechanuka, na uvundo wake umewafanya wake za mawaziri wafungue chupa za marashi.

Mheshimiwa akaliweka kiganjani, akaligeuza.

"Ndilo hili? Dogo hivi?"

"Likiwa ndani linaonekana kubwa," Daktari akasema. "Sasa uma hii pamba, usiongee, usisukutue leo, usiteme-teme. Kesho, maji ya chumvi taratibu. Na hayo meno mengine yaliyobaki yanataka mswaki kila usiku baada ya kula, na halua iwe ya sikukuu, si ya kila kikao."

"Nitayasugua mimi mwenyewe," akasema Mama Nasra, na jinsi alivyosema, Mheshimiwa aliona ni afadhali ajisugulie.

Hapo ndipo alipofika mtangazaji wa redio, anahema, kinasa sauti mkononi, hajui nchi ina nani na yeye aripoti kwa nani. Akashika lililokuwa jepesi, lile linalosemwa kila mkubwa akiondoka.

"Mheshimiwa, uko hewani, wananchi wanakusikiliza. Mtukufu ametutoka. Je, tuseme ameacha pengo lisilozibika?"

Ulimi wa Mheshimiwa Shomari ulikuwa umekwenda kushoto peke yake, kupapasa. Palikuwa wazi. Palikuwa laini, hapagongi, hapapigi kengele. Ukarudi, ukaenda tena, kama haujaamini. Uso wake, ule upande ulio hai, ukaanza kutanuka.

"Pengo lipo," akasema kupitia pamba. "Kubwa. Nimelipapasa mwenyewe."

"Na tulizibe na nani, Mheshimiwa?"

"Nani kasema lizibwe?" Waziri wa Maneno akacheka, pamba ikaruka, Daktari Tunu akairudisha. "Liacheni wazi kwanza, jamani, tupumue!"